Injini Niliyoikataa

Karatu, Alhamisi alasiri

Mwanangu Martina,

Umekwenda Ganako kumuaga bibi yako, na mama yako yuko kwa jirani anaazima sanduku lenye kufuli. Nyumba iko kimya. Nimeona niandike sasa jua likiwa bado lipo, kwa sababu ukirudi nitakutazama usoni na nitashindwa, kama nilivyoshindwa miaka yote hii.

Mambo ya blanketi, sabuni na namna ya kukaa na wenzako bwenini, mama yako ameshakueleza, na atakueleza tena kesho mpaka basi liondoke. Mimi huko sina la kuongeza. Nina jambo moja tu, na si zuri.

Siku ile barua ya chuo cha mifugo ilipofika, uliisoma mbele ya wageni, kisha ukasema, "Nakwenda kuwa kama Baba." Watu wakapiga makofi. Mimi nikatoka nje, nikajifanya naangalia ndama. Baadaye ukaniuliza, "Baba, mbona hukufurahi?" Nikakujibu nina mafua. Sikuwa na mafua, mama.

Umekua ukiambiwa kwamba niliacha kazi ya mifugo kwa sababu ya mgongo. Hata mama yako huwaambia watu hivyo, naye anajua nusu tu ya habari. Mgongo wangu ni mzima. Ningeweza kulima hadi Qurus na kurudi.

Unaikumbuka ile pikipiki nyekundu. Ilikuwa ya idara, ya kupandia milima, tairi zake zina meno, na injini yake ilikuwa ndogo, ile ya kuchanganyiwa oili kwenye petroli. Nilipewa ikiwa mpya, wewe ukiwa bado mgongoni kwa mama yako. Ilinifikisha Baray kwenye vumbi, ikanifikisha Ngorongoro kwenye ukungu, na kwa miaka kadhaa haikunidai kitu. Halafu ikachoka. Ikaanza kutoa moshi mweupe, ikawa kwenye mlima mrefu nashuka na kuisukuma huku nimeiwasha. Vijana wa Kimasai wakaipa jina, osikiria, yaani punda. Wakisikia mlio wake kwa mbali walikuwa wakicheka na kupiga kelele, "Punda wa Bwana Mifugo anakuja!" Na mimi nilicheka nao. Lakini moyoni lile jina liliniuma kuliko nilivyopaswa kuumwa, na hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Niliipeleka kwa Fundi Rashidi, yule Mrangi aliyekuwa na kibanda nyuma ya mashine ya kusaga. Aliifungua injini yote, akaipanga vipande vipande juu ya gunia, akavikagua kimoja kimoja.

"Bwana Mifugo," akasema, "hapa una njia mbili. Kuna injini nzima Oldeani, kwenye shamba la kahawa. Ni aina hii hii. Pikipiki yao ilivunjika fremu, injini ikabaki salama. Ukiipata hiyo, mimi naifunga kwa siku moja na wewe unaendelea na kazi yako."

"Na njia ya pili?"

"Ya pili ni kuikarabati hii. Silinda imelika. Tunaipeleka Arusha inachongwa upya, tunatafuta pistoni kubwa kidogo."

"Pistoni kubwa," nikasema. "Itakuwa na nguvu zaidi?"

Rashidi akanitazama. "Kwa muda, itakuwa na nguvu."

Nikamuuliza tukiweka pistoni kubwa zaidi ya hiyo itakuwaje. Alikuwa nayo moja kwenye kopo, ya pikipiki kubwa. Akaitoa, akaizungusha mkononi. "Inaweza kuingia, tukichonga sana. Lakini sikiliza. Ukuta wa silinda utabaki mwembamba. Moto utaongezeka, na haya mapezi ya kupoozea yatabaki ni yale yale. Injini hii ilizaliwa ndogo. Sikushauri."

Yule bwana wa shamba la Oldeani alitaka mtamba badala ya injini yake. Nami nilikuwa na mtamba mmoja, yule mwekundu mwenye baka jeupe shingoni. Nilirudi nyumbani nikamweleza mama yako, nikitegemea atakataa. Hakukataa. Alikuwa anapeta mahindi, hata hakuinua kichwa.

"Mpe mtamba."

"Nitoe ng'ombe wangu kwa ajili ya mashine ya serikali?"

"Mashine ni ya serikali, Baba Martina. Ikikulaza porini, atakayelala porini ni wewe."

Nikamwambia mwanamke hajui mambo ya injini. Nilisema hivyo, mwanangu, na wewe ulikuwepo, ingawa sidhani unakumbuka. Na kwa kuwa leo naandika ukweli, niseme na huu: mtamba alikuwa kisingizio. Ningeweza kumpata mtamba mwingine. Kilichoniongoza ni kwamba injini ya Oldeani ingenirudishia pikipiki ile ile, punda yule yule. Mimi nilitaka wale vijana wanyamaze.

Silinda ikapelekwa Arusha, ikachongwa mpaka ikakubali ile pistoni ya kwenye kopo. Rashidi akaifunga bila kupiga mluzi, na wewe unajua alivyokuwa akipenda kupiga mluzi kazini. Siku ya kuijaribu nilikuweka mbele yangu juu ya tangi, tukapanda kutoka sokoni hadi kanisani. Ulikuwa na miaka minane. Ulipiga kelele, "Baba, inanguruma kama gari!" Bado unaisimulia siku hiyo. Ulimsimulia mjomba wako Pasaka hii, nami nikainamia sahani yangu.

Kwa majuma matano hivi nilikuwa mtu mwingine. Nilipita geti la hifadhi pale Lodoare na kupanda msitu mpaka ukingo wa kreta bila kuweka mguu chini. Vijana hawakuita tena osikiria. Nilipofika kwa Ndaskoi mara ya kwanza na injini ile, alitoka nje ya boma akiwa ameshika fimbo, akadhani ni gari la hifadhi.

Ndaskoi humfahamu kwa jina, lakini ulishamwona, nitakueleza ulimwona wapi. Alikuwa na boma juu huko, upande wa Nainokanoka, penye baridi inayoingia kwenye mifupa. Mwanzoni mwa kazi yangu, nilipokuwa bado naogopa hata kushika pembe ya dume lao, mvua ilinizuia kwake siku tatu. Alinipa ngozi yake ya kulalia na blanketi lake, yeye akalala na watoto. Tangu hapo aliniita olchore, rafiki. Wamasai wengi wa kule walikataa sindano. Walisema sindano inaharibu maziwa. Ndaskoi ndiye aliyezunguka boma kwa boma akiwaambia, "Huyu Mmbulu ni wangu. Akisema ng'ombe achomwe, ni achomwe." Karibu kila boma lililonifungulia mlango kule milimani lilifunguliwa na mdomo wake.

Kisha habari za sotoka, ule ugonjwa unaofyeka ng'ombe, zikaja kutoka upande wa Loliondo. Chuoni utafundishwa kila kitu juu ya sotoka, na wewe ni mwepesi kuliko mimi, kwa hiyo nitasema moja tu: chanjo yake haivumilii joto. Ikishapata joto imekufa, hata kama kwa macho ni dawa ile ile, ina rangi ile ile, na sindano inaivuta vile vile. Hakuna mtu awezaye kuitofautisha isipokuwa yule aliyeibeba.

Gari la idara lilipelekwa Endulen. Mimi kwa kuwa nilijisifu na pikipiki yangu, nikapewa maboma ya Nainokanoka. Nilifunga sanduku la barafu nyuma, nikaondoka Karatu alfajiri. Ndaskoi alikuwa ametumiwa habari akusanye ng'ombe wa maboma yote ya jirani.

Injini ilinoki msituni, katikati ya mlima. Haikutoa onyo. Ilikuwa inanguruma, halafu gurudumu la nyuma likaganda, nikaburuzwa kwenye kokoto. Nilipoishika silinda ngozi ya kiganja ilibaki pale. Nikakaa nikisubiri ipoe. Miaka ile magari yalikuwa machache, petroli ilikuwa ya kutafuta, na watalii karibu hakuna. Nikasubiri saa nzima. Nikapiga kiki, haikusogea. Ningeweza kuliweka sanduku kichwani na kurudi getini kwa miguu, wakanitafutia gari au wakaihifadhi dawa. Hilo nililifikiria. Nikawaza na jinsi askari wa geti watakavyocheka.

Nikafungua sanduku, nikatoa barafu.

Nilifunga mapande ya barafu kwenye shati langu nikayakandamiza juu ya silinda. Yalilia kama kitu kinachokaangwa. Nikatoa mengine. Injini ikaachia, ikawaka, nikapanda kama maili mbili, ikashika tena. Nikatoa barafu tena. Nilifanya hivyo mpaka sanduku likabaki na maji, na mara ya mwisho nikasikia silinda ikipasuka, sauti ndogo tu, kama mtu aliyevunja kijiti. Basi. Nilikuwa nimeitumia barafu ya ng'ombe wa watu kubembeleza injini yangu, na injini yenyewe nimeipasua.

Siku ile nililala kwenye kibanda cha walinzi wa msitu. Kesho yake mchana lori la unga likanipakia mpaka karibu na boma. Chupa za chanjo nilizishika mfukoni mwa koti. Zilikuwa na joto kama mayai yaliyotoka kwa kuku.

Martina, niliwakuta bado wananisubiri. Ng'ombe walikuwa wamezuiwa zizini tangu asubuhi ya jana, wana kiu, wanalia, na wanawake wa Ndaskoi wamechoka kuwazuia. Wazee wa maboma mengine walikuwa wamekaa kwenye majani wakiwa na hasira. Ndaskoi akanijia mbio, akanishika mikono yote miwili.

"Hawa wanataka kuondoka tangu jana," akasema. "Nimewaambia, rafiki yangu hawezi kukosa. Unaona sasa? Umekuja."

Sentensi iliyotakiwa ilikuwa fupi. "Dawa imeharibika, rudisheni ng'ombe malishoni, nitakuja tena na nyingine." Wangenitukana. Wangemcheka Ndaskoi, na pengine wengine wasingerudi tena. Lakini wangewaficha ng'ombe wao mbali na ng'ombe wa Loliondo, kama walivyofanya baba zao kabla ya sindano zetu. Nilifungua mdomo, nikamwona mzee mmoja anautazama mkono wangu uliofungwa kitambaa, na nikasema, "Nileteeni maji ya kunawa. Tuanze."

Nikachanja mpaka jua likaegemea. Kila ng'ombe niliyemchoma nilimkata alama sikioni, kama tulivyoagizwa, ili ajulikane kuwa amekingwa. Mke mkubwa wa Ndaskoi, Nasieku, alinipa maziwa kwenye kibuyu. Nikayanywa.

Nilijiambia njiani kwamba huenda dawa haikufa yote. Nilijiambia huenda sotoka haitafika. Mtu akitaka kujidanganya, mwanangu, hakosi wa kumsaidia, maana msaidizi yumo humo humo ndani.

Ilifika kabla miezi miwili haijaisha. Na kwa kuwa masikio yalikuwa yamekatwa, Ndaskoi hakuogopa. Aliwapokea ng'ombe wa shemeji yake waliokimbia kutoka Loliondo, akawachanganya na wake kwenye maji. Wakaanza kutoa machozi, wakapata vidonda mdomoni, wakaharisha. Nilifika kule na gari la idara wakati tayari hakuna la kufanya. Sitakueleza harufu, utakutana nayo kazini. Nitakueleza tu kwamba Nasieku alikuwa anatembea kati ya mizoga akiwataja majina. Kila ng'ombe alikuwa na jina. Masikio yalikuwa yamelala juu ya majani na alama yangu juu yake.

Sasa nikukumbushe ulipomwona Ndaskoi. Yule Mmasai aliyekuja hapa nyumbani kwa miguu kipindi cha mavuno ya maharage, akakaa pale mlangoni, wewe ukamletea chai naye hakuinywa. Uliniuliza kwa nini hakunywa chai yako, ukalia. Ndiye. Alitembea siku mbili kuja kuniuliza swali moja.

"Sikio ulilikata wewe," akasema. "Niambie, dawa ilikuwaje?"

Alikuwa ameniachia mlango. Leo naliona hilo. Hakuja kugombana, hakuja na vijana wenye fimbo. Alikuja peke yake, akauliza kwa sauti ya chini ili mama yako asisikie. Nami nikamjibu, "Dawa nyingine hukataa, olchore. Ni mambo ya Mungu."

Akainuka pale mlangoni. Kisha akasema, "Sawa," akaondoka. Chai ikapoa.

Yale maboma yaliyobaki hayakumfungulia mtu wa sindano tena, si mimi wala aliyekuja baada yangu. Hakuna aliyenishtaki. Ofisini iliandikwa kwamba ugonjwa ulikuwa mkali. Nikaandika barua ya mgongo, nikaacha kazi. Pikipiki ilichukuliwa kwenye lori bila injini.

Miaka minne baadaye nilishuka Baray kununua vitunguu, nikamwona mtu mrefu amevaa kaptula, anapalilia shamba la mtu mwingine. Mmasai mwenye jembe. Nilimtambua kwa namna alivyosimama kwa mguu mmoja kupumzika. Nilikuwa nimebakiza hatua kumi. Nikajipanga, nikasema leo namwambia. Akainua kichwa akanitangulia.

"Bwana Mifugo. Mashine yako haijambo?"

Hakusema kwa kejeli. Ilikuwa salamu tu, ya mtu asiye na kitu kingine cha kumuuliza mwenzake. Nikajibu, "Haijambo." Nikanunua vitunguu, nikapanda mlima. Nasieku alikuwa amekwisha kufa wakati huo. Watoto wametawanyika, wengine walinzi Arusha.

Na yeye amekufa, Martina. Nilipata habari wakati wa masika haya, majuma mawili kabla barua yako ya chuo haijafika. Nilikuwa najiambia nitamwendea baada ya kupanda, kisha baada ya palizi, kisha baada ya kuvuna, na nimepanda na kupalilia na kuvuna mara nyingi. Padri aliniambia niungame, nikaungama. Padri alinisamehe haraka sana, ng'ombe hawakuwa wake.

Najua hutakaa siku nzima na habari kama hii bila kuuliza, basi Baba unataka nifanye nini? Sijui. Nimekaa hapa tangu ulipoondoka natafuta neno la kukupa, na kila ninalolipata naliona ni neno ambalo hata mimi nililijua siku ile. Nilijua chanjo haivumilii joto. Nilifaulu mtihani wake. Nilijua pistoni ilikuwa kubwa mno. Niliambiwa na fundi na nikaambiwa na mama yako. Kwa hiyo siamini sana kwamba kumwambia mtu kunamzuia. Wewe una kichwa cha mama yako, hilo ndilo tumaini, na si mimi niliyelitia humo.

Nimefikiria pia kwamba labda nakutwisha mzigo wangu ili mimi niwe mwepesi. Inawezekana. Lakini sijawa mwepesi. Nimeandika kurasa hizi zote na kifua kiko vile vile.

Ila kuna jambo ambalo huwezi kulikwepa, ndiyo maana sikuweza kukuacha uende hivi hivi. Ukimaliza chuo, idarani watakuuliza kwenu ni wapi, na kwa kuwa wewe ni mwenyeji wa huku, na wachache wanakubali baridi ya kule, watakupanga milimani. Utasimama mbele ya boma ukiwa na sanduku lako. Watakuwepo watu waliokuwa watoto siku ile, waliowazuia ng'ombe wenye kiu kwa sababu ya neno la Ndaskoi. Wamasai hawamruhusu mgeni kugusa ng'ombe kabla hawajajua ametoka tumbo gani na boma gani. Watakuuliza wewe ni binti wa nani.

Unaweza kutaja ukoo wa mama yako, watakufungulia. Nimelifikiria hilo, na nisingekulaumu. Ukitaja jina langu, nadhani watakufukuza, na ng'ombe wao watabaki bila chanjo, na hilo nalo litakuwa juu yangu. Sioni njia ya tatu. Kama ipo, utakuwa umeiona wewe.

Nasikia sauti ya mama yako njiani, anamshukuru mtu aliyembebea sanduku. Barua hii nitaiweka ndani yake, chini ya sare zako, uikute ukiwa umeshafika mbali.

Sikuombi uniandikie.

Ni mimi baba yako, niliyekupenda hata siku ulizonisifu kwa yasiyokuwa yangu.